Mstari Niliomtungia Mama Mkwe

Mama Dorkas mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie, nimefanya jambo ambalo sijui hata kama lina msamaha, na majina humu nimeyabadili maana ukoo wetu unasoma gazeti.

Nimeolewa hapa Issuna mwaka wa nane huu, naishi na mama mkwe wangu, Mama Rebeka, ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho na hata yalipokuwa mazima shule hakuiona, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya uji mimi ndiye ninayemsomea Neno, nasoma kimoyomoyo kwa Kiswahili halafu namwambia kwa Kinyaturu, na nakiri nilikuwa nasoma kama mtu anayefagia uwanja wa jirani, sura ndefu naikata, majina magumu nayaruka, yeye anaitikia tu amina na kuniombea. Sasa mama ana mdogo wake wa tumbo moja, Mama Kristina, aliyesoma mpaka la saba, tumepakana naye mashamba, na siku ya msiba wa baba mkwe, mimi sijaolewa bado, waligombana kwa maneno ya jikoni tu, nani alipika nani alikaa, mama akakiziba kwa miiba kijinjia kinachopita kati ya nyumba zao, miaka kumi na moja hawajasalimiana. Kijinjia hicho ndicho cha mkato kwenda kwenye mashine ya kukamua alizeti, na msimu huu nilizunguka na debe kichwani mpaka shingo ikakataa kugeuka, ndipo asubuhi moja nikiwa na hasira zangu, kitabu kiko wazi mapajani, nikajikuta namwambia kwa Kinyaturu, taratibu kabisa, "Usiizibe njia ya ndugu yako, maana kwa njia hiyo Bwana atakuja nyumbani kwako."

Mama hakusema amina. Aliomba nirudie, nikarudia, akashika fimbo yake akatoka. Nilidhani anakwenda msalani. Nilipomfuata nikamkuta amepiga magoti kwenye ile miiba anaitoa kwa mikono mitupu, haoni, anapapasa tu, damu inamchuruzika mpaka kwenye viwiko, nikamwomba aniachie nikalete panga, akakataa, akasema, "Niliiweka mwenyewe." Mama Kristina alitoka kwake akasimama upande wa pili, akatazama, halafu naye akapiga magoti akaanza kuitoa upande wake mpaka mikono yao ikakutana, na mimi niliyeyatunga yale maneno nilisimama pale, nikajikuta nimevua kandambili bila kujua kwa nini.

Tangu siku hiyo mama mkwe ananiuliza mstari ule uko kitabu gani, sura ya ngapi, nikamjibu uko kwa manabii, huko ndani ndani, na sasa ninautafuta, nimeanza ukurasa wa kwanza na siruki hata jina moja, naomba niukute kweli umo ili nisiwe mwongo, nasoma mpaka uji unaungua, njia nimezikuta nyingi, ya baharini, ya jangwani, ila hii ya kwangu sijaiona, na la ajabu ni kwamba maneno niliyokuwa nayaruka sasa yananishika hayaniachii, juzi nimelia kwa ajili ya watu waliokufa zamani hizo. Na mama ameomba Sikukuu ya Mavuno asimame kanisani atoe ushuhuda, mwinjilisti ausome mstari huo mbele ya usharika wote. Nikisema kweli, njia itazibwa tena na hataniamini neno lolote nitakalomsomea. Nikinyamaza, mwinjilisti atautoa wapi? Nifanyeje, Mama?

Msomaji wa mama mkwe, Issuna

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ilibidi nivue miwani.

Kwanza nikugombeze, maana umestahili. Mama wa watu haoni, hasomi, amekukabidhi masikio yake, nawe ukamwekea Mungu maneno mdomoni kwa ajili ya shingo yako. Leo umetunga mstari wa kufungua njia. Kesho ukiudhika ungetunga wa kugawa shamba. Wapo wanaofanya hivyo wakiwa na suti na kipaza sauti, na usijilinganishe nao ukajiona nafuu.

Lakini siwezi kujifanya sikuiona ile mikono miwili ikikutana kwenye miiba. Uongo wako ni uongo, na bado Mungu alipita hapo hapo. Imekuwaje, siwezi kukueleza. Mimi ninayeshauri watu kila wiki nilikaa na chai yangu mpaka ikapoa, nikaogopa kumwita Mungu kwa jina.

Sasa sikiliza. Usingoje Mavuno wala usimtume mumeo. Kesho asubuhi mwite Mama Kristina, keti pale pale ulipoketi, na useme kwa Kinyaturu, kwa kuwa ndicho ulichodanganyia: "Mama, yale maneno hayamo. Niliyatunga kwa sababu nilichoka kuzunguka." Debe la alizeti litaje, usilifiche, hilo ndilo litakalokuaibisha na ndilo litakalokuponya. Kisha wasomee pale Bwana anapomwambia mtu mwenye sadaka mkononi aiache, aende kwanza apatane na ndugu yake. Mwinjilisti atakuonyesha, na huo ndio atakaousoma siku ya Mavuno. Tangu hapo Mama Kristina awe anashika kitabu na kufuatisha kwa kidole wakati wewe unatafsiri, kila siku, na uji usubiri.

Unaogopa njia itazibwa. Ikizibwa, utazunguka na debe lako, hukumu hiyo ni ndogo. Ila mimi nina shaka. Yule aliyesema "Niliiweka mwenyewe" hakuwa anaujibu mstari wako. Alikuwa anayajibu yale uliyomsomea miaka minane kabla ya uji, wewe ukiwa na haraka, yeye akiyasikiliza yote.

Na huo mstari unaoutafuta, mwanangu, hutauona. Endelea kuutafuta hivyo hivyo, bila kuruka hata jina moja.