Miji ya Uingereza Kiwanjani Ronge

Jumatatu, 5 Machi 1956

Imefaulu! Darasa la sita hawakujua hata Uingereza iko upande gani wa dunia. Leo tumeichora kiwanjani kwa majivu. Kila mtoto ana timu yake ya mpira, na jiwe jeupe la kuwa mji wake. Naita timu, mtoto anakimbilia mjini kwake na kueleza kazi ya huko. Burnley? Pamba! Sheffield? Chuma! Jedidah, binti ya Mzee Gibson wa kanisa, ana Sunderland — meli na makaa ya mawe, hakosei. Ijumaa anakuja mkaguzi. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, narudi Voi kupima sukari dukani kwa mjomba.

Jumatano, 7 Machi

Mawe yamehama. Yote! Yamejipanga mstari mmoja kuelekea mlimani, na kwenye majivu hakuna hata alama ya mguu. Nimefoka, nimetishia kiboko. Mwishowe Jedidah akasema waliyatoa kwenye pango la wazee wa zamani, palipowekwa mafuvu ya vichwa vyao. Mbona hamkuniambia? Eti nilitaka mawe meupe, na kwingine hakuna.

Nimeyarudisha mwenyewe kwenye ramani. Mikono ilibaki baridi mpaka saa ya chakula.

Alhamisi, 8 Machi

Yamehama tena. Mzee Gibson amekuja, kofia mkononi. "Mwalimu Miraj, wewe ni mgeni wetu. Haya mawe tuyarudishe leo." Nimemwambia Jumamosi, mkaguzi akishaondoka. Mtu wa kanisa, anaogopa mawe! Akanitazama kwa huruma. Heri angenitukana. Naogopa pia, basi.

Ijumaa, 9 Machi

Asubuhi kila jiwe lilikuwa mjini kwake. Sikuligusa hata moja. Mkaguzi amecheka, amewauliza watoto Preston, Portsmouth, wakajibu zote. Akanipa mkono — nimethibitishwa! Kisha akanyoosha bakora kwenye bahari ya ramani, mashariki ya Sunderland. "Na ule mji mkubwa, ni wa timu gani?" akauliza.

Sikuweka mji baharini.

Watoto walirudi nyuma, wote pamoja. Mkaguzi akaugusa kwa bakora. Ukabingirika, ukatutazama. Jedidah akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Mkaguzi ameondoka bila kuaga. Sasa ni alasiri, hakuna anayekikaribia kile kichwa. Gibson yuko mlangoni kwangu na kitambaa cheupe. "Wewe ndiye uliyewaita wazee, Mwalimu. Njoo uwabebe." Nimemwambia namalizia kuandika, naja. Nimekaa dirishani tangu adhuhuri, sijaona mtu kiwanjani. Mawe yameshajipanga mstari. Mbele kabisa pameachwa nafasi ya mtu mmoja —