Vile Viroba vya Mtaroni

Baba Levina,

Ukifika kutoka Puge, usivue viatu. Jembe na koleo viko mlangoni. Nenda moja kwa moja mtaroni ukatoe vile viroba vya mchanga ulivyovipanga juzi ili maji yaingie kwenye jaruba lako la mpunga. Toa vyote! Usibakize hata kimoja "cha kupunguza kasi."

Nilikwambia. Ukanijibu kwamba tusiache riziki itupite hivihivi. Haya, alfajiri mvua imenyesha, jaruba likafurika, na riziki yako ikaingia chumbani kwa Bi Maua. Nimemkuta mama wa watu amesimama juu ya kitanda, kamkumbatia kuku wake. Ukuta wa nyuma ni wa matofali mabichi, umeshaanza kumomonyoka. Matope mengine yameteremka hadi kisimani, kwa hiyo leo mtaa mzima hauna maji ya kunywa. Wanakuulizia.

Mimi na Levina tuko kwake tunazoa matope.

~~Chakula kiko kwenye sufuria, pasha tu.~~ Chakula nimempelekea Bi Maua.

Ukishafungua mtaro, njoo umpe pole. Anza na shikamoo, tena uinamishe kichwa, na habari za mpunga usizitaje kabisa.

Halafu usihangaike kutafuta godoro. La kwake limelowa chapachapa, nimempa letu. Jaruba lako si limejaa vizuri? Kalale huko.

Mama Levina