Ami Himyar na Dada wa Kurekodi

Inara, nimekufa mie!

Nimempigia ami Himyar, nikabonyeza kurekodi. Kila siku ananiambia karidhia niolewe na Imtiaz, tukikaa kikao anakana.

Simu si ikatangaza: "Mazungumzo haya yanarekodiwa." Yarabi! Nikajua atakata.

Ami akajibu: "Marahaba, binti!"

ANAIITIKIA SIMU, Inara!

Kisha akakohoa, akaanza kama zile kanda alizokuwa akiwarekodia nduguze wa Maskati enzi za uhaba wa bidhaa madukani: "Mie Himyar, mzima. Huwaida nimeridhia aolewe na Imtiaz. Msisahau sabuni."

Kaka yako wakili alinionya nisimrekodi mtu bila kumjulisha. Kajulishwa, na kaitika marahaba!

Sasa hivi kanipigia tena. Anauliza yule dada wa kurekodi ana mume.