Yule Wajina Wako

Bweni la Wavulana,
Shule ya Sekondari Kot Nihal,
Ijumaa, 16 Januari 1987

Mdogo wangu Liaqat,

Assalaam alaykum. Kabla ya salamu zangu pokea za mama, maana nilipokuwa nyumbani juma lililopita alinishika mkono akasema, "Ukimwandikia mwanangu, usinitie mwishoni kama chumvi iliyosahaulika." Basi nimemtanguliza. Anauliza kama sikio lako la kulia limepata nafuu, na kama mjomba bado anakuweka katikati ya mashine mbili za kufumia. Nami nauliza hayo hayo. Tafadhali usijibu "sijambo" peke yake kama ulivyozoea.

Huku tu wazima kwa kiasi. Baba kifua kinambana kila asubuhi kwa ajili ya ukungu, lakini hataki kujifunga shali shingoni, anasema shali ni ya wagonjwa. Nyati wetu yule wa pembe iliyopinda amezaa jike, na mama anasema ungekuwepo, maziwa ya kwanza ungeyamaliza peke yako. Miwa imekatwa, sukari guru inapikwa kila ua, na nyuki wamechachamaa.

Sasa habari za shule. Uliniomba nisikufiche hata ndogo, kwa kuwa ukizisoma unajiona umekaa dawati la mbele. Ukumbi umepakwa rangi upya. Ikram, mtoto wa fundi baiskeli, ameshika nafasi ya kwanza wilayani kwa kusoma Kurani, na mwalimu mkuu, Chaudhry Sahib, alimbeba begani mbele ya shule nzima mpaka kilemba chake kikadondoka. Na kubwa kuliko zote, timu yetu ya mpira wa magongo imetwaa kombe la mkoa kule Sahiwal. Tuliwafunga watoto wa Lahore mawili kwa moja, wao wamevaa viatu vipya, sisi nusu yetu tumefunga soli kwa kamba. Tulipokelewa stesheni kwa ngoma na mashada ya maua. Chaudhry Sahib alilia hadharani. Tulilishwa vitamu mpaka Mansha, golikipa wetu, akatapika nyuma ya gari la maji.

Umeona nimeandika "tulipokelewa", "tulilishwa". Sikukosea.

Katika barua yako ya mwisho ulisema mwenzako wa mashineni alikusomea gazeti, "Liaqat Ali wa Kot Nihal afunga mabao mawili," na mkacheka karakana nzima. Uliandika, "Muulize wajina wangu anakula nini, maana ananipa sifa za bure, hapa wameanza kuniita Nahodha." Nilisoma maneno hayo nimesimama kibandani kwa Rafiq muuza chai, chai ikapoa mkononi. Nikataka kukujibu kwa utani, nikashindwa.

Wajina wako ni mimi, Liaqat. Mimi si kibarua wa kumwagilia uwanja hapa shuleni, kama tulivyokudanganya. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la kumi, nahodha wa timu, na katika kila daftari la shule hii jina langu ni Liaqat Ali mwana wa Barkat Ali, umri miaka kumi na sita.

Unanijua. Nakaribia ishirini. Nanyoa ndevu asubuhi na alasiri kwa wembe wa Mansha. Wenzangu wa timu wananiita Babu. "Babu, leo umenyoa au tukuitie fundi mwenye shoka?" Wanacheka, nami nacheka, kwa sababu wote wanajua na hakuna anayetaka kombe lirudi Lahore. Chaudhry Sahib akisimama gwaride la asubuhi na kusema, "Tazameni mtoto huyu wa mkulima, miaka kumi na sita tu!" safu ya nyuma yote hushikwa na kikohozi.

Mwanzoni nilidhani ni kuazima tu, kama mtu anavyoazima shuka ya harusi. Sasa siwezi kuivua. Tuliporudi na kombe, pale stesheni, mzee Sharif wa kijijini kwetu aliniona akapaza sauti, "Riasat! We Riasat, mwana wa Barkat!" Ustadh Yaqub, mwalimu wa michezo, alinifinya mkono juu ya kiwiko, nikapita kama kiziwi. Mzee wa watu akanifuata hatua kumi anatabasamu, kisha akasimama. Nasikia amesema kijijini kwamba mtoto wa Barkat amekula mkate wa mjini akasahau watu. Afadhali angenipiga kibao.

Bwenini silali vizuri. Nikiitwa "Liaqat" ghafla huchelewa kuitika, na nikiwa nyumbani mama akiniita "Riasat" pia huchelewa. Siruhusiwi kwenda mjini na mtu wa kwetu. Barua zangu hupitia kwa Rafiq, nawe tulikuambia ni kwa sababu vibarua hawana sanduku la posta. Hata daktari wa shule hanipimi meno kama wengine, Ustadh Yaqub amekataza, maana meno hutaja umri.

Kisha mwezi uliopita wakaja mabwana wawili wa timu ya reli. Wanamtaka Liaqat Ali mara tu atakapopata cheti cha darasa la kumi. Kazi ya kudumu, nyumba ya matofali, na kucheza mpaka magoti yakatae. Baba amekwisha kubali, alitia kidole gumba mbele yangu huku machozi yakimtoka kwa furaha. Nilipobaki na Ustadh Yaqub nikamwuliza, mimi nikiwa Liaqat mpaka uzeeni, na kitambulisho cha serikali kikatoka kwa jina hilo, mdogo wangu atakuwa nani? Alikuwa anakaza uzi kwenye gongo langu, hakuinua hata macho. Alisema, "Yule si yuko mashineni? Mashine haimuulizi mtu jina."



Huenda ungali unajiuliza jinsi jina lako lilivyofika huku. Nimezunguka kurasa tatu kama ng'ombe wa kinu ili nisifike hapa, lakini karatasi inakwisha.

Unaikumbuka siku niliyokuleta kufanya mtihani wa kuingia shule hii. Wewe uliingia ukumbini na kalamu mbili na ubao wako mdogo wa kuandikia. Mimi nilikaa nje kukusubiri. Wavulana walikuwa wanacheza uwanjani, mmoja akaumia kidole, nikaazima gongo lake. Nilicheza kama nusu saa, pekupeku. Sikujua Ustadh Yaqub alikuwa ananitazama dirishani. Ulipotoka ulinikuta natokwa jasho ukanitania, "Nimeleta kaka, nimekuta punda wa matofali." Tulikula figili barabarani tukarudi.

Baada ya siku tisa baba na mimi tuliitwa. Chaudhry Sahib alisema kuna nafasi moja na watoto wawili. Mmoja amepita mtihani. Mwingine umri umempita lakini ana mikono ya kuleta kombe. Akasema nyumba ni moja na baba ni mmoja, tofauti ni jina tu, na jina ni wino. Ustadh Yaqub akaongeza, "Mzee Barkat, mtoto wa hisabati atakupatia miwani. Mtoto wa gongo atakupatia kazi ya serikali." Baba alinitazama, akatazama kofia yake mapajani, akasema sawa.

Wewe hukufeli, Liaqat. Ulikuwa wa pili katika watoto mia na arobaini.

Tuliporudi ulikuwa mferejini unaosha nyati. Ulikuja mbio na miguu ya tope. Baba alipita bila kusimama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie wewe." Nikakuambia hukupita. Ukaniuliza, "Hata hisabati?" Nikasema, "Hata hisabati." Jioni ile ulichukua kijiti ukayafanya upya maswali yote chini kwenye vumbi la ua, moja baada ya jingine, ukapata majibu yale yale. Ukaniita nikuonyeshe ulipokosea. Nilichuchumaa kando yako nikajifanya natafuta kosa. Halikuwepo. Mama hajui mpaka leo. Aliamini kama ulivyoamini wewe, na asubuhi yake akakufungia mkate wa safari ya kwa mjomba.

Simsingizii baba. Baba alikubali, lakini mdomo ulikuwa wangu. Mimi nilikuwa nimefeli darasa la kumi mara mbili, na tangu ukiwa mdogo nilikuwa kaka wa yule mwenye akili. Nilipoambiwa mimi pia nina kitu kinachotakiwa, nilikitaka kuliko nilivyokupenda siku ile. Nimeiandika sentensi hii mara nne na kuichana mara tatu.

Kuna mtu mmoja hapa ambaye hakudanganyika. Ni mzee Inayat, mwalimu wa hisabati, ndiye aliyekuhoji kwa mdomo siku ya mtihani. Tulipotoka Sahiwal aliniita chumba cha walimu, akaandika swali ubaoni, akanipa chaki. Nilisimama kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Akasema taratibu, "Mtoto niliyemuuliza swali hili alinijibu, kisha akanionyesha nilipokosea mimi mwenyewe. Yuko wapi?" Nilimwambia yote. Alikaa kitini akavua miwani. Akasema siku aliponiona darasani kwa jina lile alijua, akanyamaza kwa kuwa alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na kwamba tangu hapo hajapata ladha ya kufundisha.

Mzee Inayat ndiye anayekusanya fomu za mtihani wa taifa wa darasa la kumi. Juzi nilijaza yangu, yaani yako. Jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa, jina la baba. Pale pa picha nilibandika yako, ile tuliyopiga Idi ya mwaka jana kwa mpiga picha wa sokoni. Mwalimu aliitazama muda mrefu, akaongeza gundi pembeni, akagonga mhuri nusu juu ya uso wako. Chaudhry Sahib alitia sahihi rundo zima bila kufunua, akizungumza na mtu wa gazeti. Fomu ziliondoka jana, na mwalimu alizipeleka mwenyewe mpaka ofisi ya mtihani.

Kwa hiyo mwezi Machi hakuna mtu duniani anayeweza kukaa kwenye kiti kile isipokuwa wewe. Mimi nikienda nitatolewa mlangoni. Na bila cheti kile reli hawanichukui.

Mwalimu Inayat ndiye aliyekuletea barua hii. Usikae nayo, panda naye basi la kurudi. Amekuandalia chumba kwake, mkewe amekwisha shona godoro, na majirani wataambiwa u mpwa wake. Anasema kwa mtoto yule miezi miwili inatosha kwa hisabati, kwa historia tutamwomba Mungu. Mjomba akiuliza, mwambie mama anaumwa. Uongo mmoja zaidi, nami naubeba.

Mpaka mtihani ufike mimi nitabaki hapa. Nikitoroka leo watashtuka, wataifuata fomu. Kwa hiyo nitaendelea kunyoa, kuitika jina lako na kukimbia uwanjani, na ukisoma gazetini kwamba nimefunga tena, usitupe gazeti kwa hasira, jua nafunga mlango ili usionekane ukipita nyuma. Siku watakapokukuta ukumbini Chaudhry Sahib hataweza kupiga kelele, maana kelele zake zitamuumbua mwenyewe. Lakini mimi atanitafutia namna ya kunikomesha. Baba pia. Naogopa uso wa baba kuliko vyote, na bado sijui nitamwambia nini.

Sikuombi msamaha hapa. Ukifika nitukane kwanza, tena matusi ya mferejini tuliyojifunza kwa wachunga nyati, nitakaa kimya mpaka uyamalize.

Nisalimie mjomba na watoto wake, na huyo mwenzako anayesoma magazeti. Njoo na blanketi, ukungu wa mwaka huu unaingia mpaka kwenye mifupa. Sikio lako lifunge kwa pamba safarini. Ukikataa kuja, jibu lako, hata likiwa neno moja, mpe mwalimu mkononi. Usilitume shuleni wala kwa Rafiq, siku hizi Ustadh Yaqub anakunywa chai pale. Na ukilituma shuleni litarudishwa, kwa sababu hapa hakuna mtu aitwaye

Riasat, kaka yako.