Kaburi la Baba Halipo Ruziba

Buyenzi, Bujumbura
14 Februari 1999

Kwa kaka yangu Seifu,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Kigoma, wewe, wifi yangu na watoto. Sisi tupo, alhamdulillahi. Nyumba inavuja tangu turudi kutoka Uvira, lakini kulala kwako ni kulala kwako.

Anayenipa mawazo ni mama. Miguu imevimba, na chakula ni uji tu. Juzi alinishika mkono: "Raihana, nikifa nilazeni ubavuni mwa baba yenu. Mahali pengine sitaki." Nikasema ndiyo, mama. Halafu nikajiuliza, ni wapi huko? Mwaka ule wa tisini na tano wenye silaha walipotufukuza katiye nzima, mtaa wote, mi na mama tulikimbilia Uvira, we ukabaki na baba kwa ajili ya kile kiharusi chake. Ukatuma habari kwamba amefariki na umeshamzika. Tukalia, tukasoma hitma, tukamshukuru Mungu kwamba alikuwa na mwanawe. Wanawake hatufuati jeneza, kwa hiyo hatukuuliza hata alama.

Nimekwenda ofisi ya komini kutafuta cheti chake cha kifo. Hakipo. Karani akasema mwaka ule wengi walikufa bila kuandikwa. Nikaenda kwa Mzee Radjabu, yule anayeosha maiti za wanaume hapa kwetu. Akasema, "Mohamadi fundi cherehani? Apana, mwanangu. Hakupita mikononi mwangu. Ningesahau vipi, na hii kanzu niliyovaa ni yeye aliishona?"

Niambie tu, kaka, nimtulize mama. Alilazwa wapi?

Mdogo wako,
Raihana

*

Kigoma
3 Machi 1999

Mdogo wangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, ila mafua ya watoto. Poleni na mama.

Kuhusu baba, unajua siku zile zilivyokuwa. Makaburi ya mjini hayakufikika. Nilipata gari la mtu, nikampeleka Ruziba, nikamwosha mwenyewe, nikamzika karibu na ziwa pamoja na wavuvi wa huko. Palikuwa na alama ya mti, sijui kama ungalipo. Usijichoshe na makomini. Mama akifariki azikwe hapo karibu, ardhi yote ni ya Mungu.

Anayeleta barua hii anakuletea sabuni na mafuta ya mawese.

Kaka yako,
Seifu

*

Buyenzi
22 Machi 1999

Kaka yangu,

Assalaam alaykum. Mafua ya watoto yamepona? Wape tangawizi. Mafuta yamefika, Mungu akulipe.

Nilikwenda Ruziba. Waislamu wa pale ni wachache, wote wanajuana. Nikamkuta mzee mmoja anarekebisha nyavu, nikamweleza. Akamwita mkewe: "Weee, tulizika mgeni mwaka wa vurugu?" Yule mama hata hakutoka jikoni. "Mgeni gani? Mkimzika mtu, ubwabwa napika mimi! Mwaka ule sikumpikia mgeni." Mzee akacheka: "Basi umesikia. Mi nasahau, yeye sufuria zake hazisahau."

Kaka, labda umechanganya mahali. Mtu akiwa na hofu huchanganya. Sikulaumu, wallahi. Ila mama ananiuliza kila asubuhi, na mi namdanganya kila asubuhi. Niandikie upesi.

Mdogo wako,
Raihana

*

Buyenzi
9 Mei 1999

Kaka Seifu,

Assalaam alaykum. Hujanijibu. Boti zimekuja na kurudi, na watu wako bandarini wanasema u mzima.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Buterere, anaitwa Spéciose. Utamkumbuka, ndiye aliyekuwa akituletea mboga za lengalenga mlangoni zamani. Alisikia sokoni kwamba binti Mohamadi anauliza-uliza makaburi. Alikaa chini, akakataa chai. Akaniambia, "Nilidhani mlimtupa, mama. Nimewachukia miaka yote hii."

Kaka, baba hakufa siku ile. Spéciose alimkuta kibarazani kwetu, mlango wazi, hana hata maji. We ulikuwa umeshapanda boti. Alimpakia kwenye baiskeli ya kubebea mboga akampeleka kwake. Baba aliishi, Seifu! Alifunga Ramadhani nyumbani mwa Wakristo, Spéciose akimwamshia daku. Sisi Uvira tumeshamsomea arobaini, yeye yuko Buterere anauliza wanawe wako wapi.

Na hili ndilo linaloninyima usingizi. Spéciose alikutumia ujumbe huko Kigoma kwa mpakuzi wa mizigo, uje umchukue baba yako. Mpakuzi akarudi na jibu lako: "Huyo si baba yangu. Baba yangu nilimzika."

Kukimbia ningekusamehe. Risasi zinamkimbiza yeyote. Lakini jibu lile ulilitoa ukiwa umekaa, umeshiba.

Baba alifariki baada ya Idi ile. Kabla ya hapo alimwonesha Spéciose kwa kidole Kibla kilipo na ubavu wa kulazwa, na wakulima wa mpunga wa pale wakamlaza hivyohivyo, kwenye kichuguu maji yasikofika. Nimepaona. Nimekaa pale, nimesoma Yasini.

Mama nimemwambia yote. Hakulia. Alisema, "Nizikeni kulekule. Na mwite Seifu, nataka kumwona usoni kabla." Boti ya saruji inatoka Kigoma Jumatano ya tarehe 19. Panda hiyo.

Raihana

*

Kigoma
18 Mei 1999

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Barua yako imeniumiza. Maneno ya watu yana mengi, siku moja tutakaa tuzungumze.

Nilikuwa tayari kuja, hata mzigo nilifunga. Bahati mbaya boti imeharibika injini, haitoki wiki hii wala ijayo. Mwambie mama nampenda, aniombee.

Kaka yako,
Seifu

*

Buyenzi
21 Mei 1999

Seifu,

Barua yako imefika jana jioni. Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito, amejifunga kitenge kipya, maana alisikia boti ya saruji imetia nanga.

Nilimsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, habari za injini na kila kitu. Halafu akaniuliza, "Na hii barua, imeletwa na nini?"

Nikamwambia: boti.

Akaomba nimgeuze aelekee ukutani. Amefariki alfajiri ya leo. Tunampeleka Buterere baada ya sala ya Ijumaa. Atakayeshuka kaburini kumpokea, mahali pa mwanawe, ni Mzee Radjabu.

Raihana binti Mohamadi