Swali Nililomuuliza Baraka

Ijumaa, Al Khuwair

Huku tunasali Ijumaa, na mafundisho ya leo kanisani hayanitoki akilini. Mchungaji alisema Wakristo wengi wa mwanzo walikataa kushika upanga. Askari akitaka kubatizwa, aliambiwa asiue, hata mkuu wake akimwamuru.

Nikauliza, "Na kama ameshaua?"

Watu waligeuka kunitazama. Mchungaji akajibu polepole, "Hapo walitofautiana, mama. Wengine walimtaka atubu, akae muda mrefu bila kushiriki meza ya Bwana. Lakini hawakumfukuza."

Hawajui kwamba mwanangu Baraka ni mwanajeshi, yuko mpakani. Nilimwacha Morogoro akiwa darasa la sita, nikaja huku nchi ya Kiarabu kulea watoto wa watu. Sasa ana sauti nzito ya kiume, na kombati yake nimeiona pichani tu.

Jioni nilimpata kwa simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza kama amewahi kuua mtu. Mara nikamsikia anakohoa.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula. Mama, utarudi lini?"

"Kunywa maji ya moto kwa hicho kikohozi," nikamwambia. Lile swali la kuua sikumuuliza, na hakuna aliyekata simu.