Mke wa Edmund

Jumanne, 2 Mei 1995

Nimerudishwa nyumbani kutoka hospitali Litembo. Moyo umechoka. Daktari hakuzunguka: mzee, nenda nyumbani ukale unachopenda. Nimefundisha watu kusoma miaka thelathini na minne – hilo nalo ningeshindwa kulisoma?

Nimemkuta Tadea mlangoni. Mjukuu wa kike wa marehemu Edmund, jirani yetu. Amemaliza kidato cha nne, kazi hakuna, ushirika wa kahawa wenyewe unakufa. Shikamoo ya haraka, kisha ombi: afungue sanduku langu la magazeti ya zamani, yale niliyokuwa nayaandikia habari za vijijini. Anamtafuta bibi yake, mzaa mama. Kwao hatajwi. Mama yake, Gertruda, akiulizwa husema "yule mtoro", basi.

Nimempa ufunguo. Ningesemaje?

Alhamisi, 4 Mei

Siku mbili yuko sakafuni na magazeti. Anacheka, anakasirika.

"Babu Mwalimu, hawa wanawake hawakuwa na majina? Mke wa Nathanieli amejifungua pacha. Mke wa Nathanieli ameungua moto. Na hapa, beberu la Nathanieli limepata zawadi kwenye maonyesho, jina lake Kaisari! Mbuzi ana jina!"

Hilda, mkwe wangu, alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Labda mbuzi alibatizwa."

Nikacheka nao. Habari hizo zote niliziandika mimi. Mwanamke tulimtaja kwa mumewe, tukaona ndiyo heshima.

Katika kusoma amefika mwaka 1951. Anachokitafuta kiko Agosti 1953.

Ijumaa, 5 Mei

Nimefanya jambo la aibu. Tadea alipokwenda shamba, nilimtuma Hilda apeleke magazeti ya 1953 dukani kwa Biubwa, ayatumie kufungia sukari. Nikasema yameliwa na mchwa. Hilda aliyageuza, akanitazama. Hayakuwa na tundu hata moja. Akapeleka.

Jumapili, 7 Mei

Biubwa amekuja mwenyewe, anahema kwa kupanda mlima. Hafungii kitu mpaka asome kwanza – tabia hiyo nilikuwa nimeisahau! "Mwalimu, umeniletea habari za watu, hizi si za kufungia dagaa." Akampa Tadea mkononi, mbele yangu.

Tadea akasoma kwa sauti: "Mke wa Edmund amemwacha mumewe na mtoto wa kunyonya, amevuka ziwa kwenda Nyasaland. Wanawake wengine wasiige."

Maneno yangu. Hata hayo ya mwisho.

Akaniuliza jina lake. Katarina, nikasema. Miaka arobaini na miwili sijalitamka. Akalirudia mara tatu, polepole. Akafurahi! Ijumaa anashuka Mbamba Bay, apande mashua hadi Nkhata Bay, huko Malawi, ile Nyasaland ya zamani, amtafute bibi, au kaburi lake.

Jumatatu, 8 Mei

Padre ameniletea komunyo. Nimeungama hasira, uvivu, ulevi wa ujanani. Hili nimelimeza tena. Basi niliandike hapa.

Katarina hakuvuka ziwa. Edmund alikuwa Tanga, kwenye mkonge. Watoto watatu wa kaka yake walikufa kwa surua katika wiki moja. Wazee wakasema ni yule mke. Wakampa mwavi: asiye mchawi hutapika, mchawi hufa. Aliyeshika kikombe ni baba yangu. Na mimi, niliyefundisha darasani kwamba surua ni ugonjwa, nilimpokea mtoto wake ili mikono yake iwe huru kunywa. Mtoto huyo ni Gertruda. Alikuwa mzito, amelala.

Hakutapika.

Tulimzika shambani kwetu, katika shimo mojawapo la ngoro, yale tunayolimia mlimani. Bila msalaba. Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, angewanyonga wazee. Baba akaniambia, wewe una gazeti, andika. Nikaandika. Edmund aliporudi alionyeshwa gazeti, akaamini. Nani angebishana na maandishi? Mwaka uliofuata nikapanda kahawa juu yake. Kahawa hiyo imesomesha wanangu.

Gertruda nilimfundisha darasa la pili. Wenzake walimwimbia: mtoto wa mtoro, mtoto wa mtoro. Nilisikia. Nikaendelea kuandika ubaoni.

Waliojua wamekufa wote. Nimebaki mimi.

Jumatano, 10 Mei

Miguu imevimba, siwezi kulala chali. Hilda anasema mwera umeanza kuvuma, ziwa limechafuka. Binti hasikii. Ameniomba barua ya kumtambulisha kwa padre wa ng'ambo. "Hati yako nzuri, Babu. Halafu ulimjua."

Nimeanza: Yahusu Katarina, mke wa Edmund. Nimechana.

Alhamisi, 11 Mei

Gertruda amekuja asubuhi. Mwenyewe! Amebeba ndizi, mgongo umepinda kama wa mtu wa miaka sabini. Shikamoo Mwalimu. Tadea anafunga mzigo, kesho alfajiri anaondoka. Gertruda anataka niongeze maneno yake kwenye barua, maana yeye aliacha shule darasa la tatu na kalamu haimtii.

"Andika hivi, Mwalimu. Mama, nimekutukana maisha yangu yote. Nimechoka. Nimekusamehe. Kama umezeeka, njoo ulale kwangu."

Nilimwambia anipe nafasi. Barua haipo. Nimefungua daftari hili.

Ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda, anaangalia kalamu inavyokwenda. Anadhani ni maneno yake. "Mbona marefu hivyo, Mwalimu? Mimi nimesema machache."

Nimemwambia asogee karibu.

Amesogea. Amefunga kanga vizuri, mikono magotini, kama siku zile darasani.

"Haya," anasema. "Nisomee ulichoandika."